Rekodi za Mezani Zikipimwa kwa Jiwe la Kakontwe

Mtaani kwetu Kakontwe, mjini Likasi, Kongo, hakuna mama anayeinjika sufuria juu ya mafiga ya jiwe la Kakontwe. Mawe yamejaa kila upande, ya bure, lakini ni ya chokaa, na jiwe la chokaa halina urafiki na moto. Likikaa kwenye makala, yaani makaa, siku nyingi linapasuka na kumenyeka kama ganda la yai. Likiingia kwenye tanuru la digrii 900 hivi linaachia hewa yote iliyofungwa ndani yake na kubaki chokaa hai, ile ambayo ukiimwagia maji inatokota yenyewe bila kuni. Kwa hiyo wapishi wa huku Likasi wanatumia mbabula, jiko la bati lenye matundu linalokatwa kwenye mapipa ya zamani, na jiwe wamewaachia watu wa migodi, ambao kwa miaka mingi wamelipeleka viwandani likasaidie kuyeyusha madini na kutuliza asidi.

Mtu aliyekulia juu ya jiwe hilo akianza kusafiri anakuwa na macho ya namna yake. Wenzake wakiingia mgahawani wanatazama orodha ya vyakula, yeye anatazama ukuta. Ndiyo hali yangu. Nimekuwa nikikusanya habari za migahawa yenye kisa, ile ambayo mteja halipii chakula peke yake, analipia pia kukaa ndani ya hadithi: pango, merikebu, jela, chini ya bahari, juu ya mawingu. Michache nimeiingia mwenyewe, mingi naijua kwa kusoma. Na kila ninapofuatilia ule unaosifiwa kuwa wa kwanza, wa pekee, au mkubwa kuliko yote, nikikwangua kidogo naikuta chokaa chini yake.

Basi nimeamua kuandika orodha yangu ya rekodi. Kikombe kinachotoka kitabu cha rekodi cha Guinness nitasema ni cha Guinness. Ninachokitoa mimi hakina cheti wala fedha, na mshindi wake hajui kama ameshinda.

Ukuta mzee kuliko kuta zote za pwani

Uko Diani, kusini ya Mombasa, kwenye mgahawa unaoitwa Ali Barbour's, uliofunguliwa mwaka 1983 ndani ya pango la matumbawe. Pango linakadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya 120,000 na 180,000. Jina linacheza na Ali Baba wa hadithi za Arabuni na jina la ukoo la walioanzisha. Wezi arobaini sikuwaona.

Unateremka ngazi mpaka kiasi cha mita kumi chini ya ardhi, jioni, na meza zimepangwa kufuata umbo la pango lenyewe, vyumba vikiingiliana. Darini kuna matundu yaliyo wazi. Ukiinua kichwa unaziona nyota, na upepo wa bahari unashuka kwa mafungu kama mtu anayepuliza chai. Nilikuwa nimeagiza kamba, lakini kabla hawajafika mkono wangu ulikwisha kwenda ukutani.

“Mzee, unatafuta pa kuchajia simu?” mhudumu akaniuliza.

Nikamwambia natafuta jiwe. Kijana hakucheka, alitoa simu yake akamulika. Palikuwa na tumbawe zima limelala ubavu, vitundu vyake vimepangika kama sega la asali, na kando yake nusu ya ganda la kombe imezama kwenye mwamba, ukingo wake bado mkali. Nikauambia moyo wangu: huyu ni ndugu yetu mdogo. Jiwe la Kakontwe lina umri wa zaidi ya miaka milioni 600. Wanajiolojia wamelichukua jina la mtaa wetu wakalipa tabaka zima la miamba, linalotajwa Kongo na ng'ambo ya mpaka Zambia, na mwanafunzi wa jiolojia wa Lusaka anaandika “Kakontwe” kwenye daftari bila kuwahi kukanyaga Likasi. Nalo lilikuwa matope ya bahari. Tofauti ni kwamba ukilipasua hukuti kombe wala konokono, maana siku lilipokuwa likilala chini ya maji, wenye makombe walikuwa bado hawajazaliwa duniani.

Pango la Diani nalipa kikombe kwa sababu moja zaidi: halikuigizwa. Nimewahi kula kwenye mgahawa wa “pango” katika mji mmoja ambao sitautaja, uliotengenezwa kwa waya wa kuku na saruji, ukapakwa rangi ya kahawia. Ukiligonga lile pango kwa kiko cha mkono linajibu kama debe.

Saa isiyotiwa betri

Kikombe cha mgahawa wenye saa kali kuliko zote kinakwenda Michamvi Pingwe, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, kwa The Rock. Picha zake zimezunguka dunia: nyumba ndogo ya paa la makuti juu ya jiwe moja la matumbawe, mawimbi yamelizunguka, ngazi ya mbao inashuka majini. Zamani jiwe lile lilikuwa kituo cha wavuvi. Wageni wengi wanadhani picha ni ya hila. Si hila, ni maji kujaa na maji kupwa.

Maji yakiwa yametoka unakwenda kwa miguu, viatu mkononi, mchanga umekaza kama sakafu. Maji yakiingia, mashua inakufuata ufukoni. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga, bahari ya Unguja inapanda na kushuka kiasi cha mita nne, kwa hiyo jiwe lile lile linakuwa kilima asubuhi na kisiwa mchana. Sahau saa ya ukutani. Mwenye kupanga muda wa kula ni mwezi.

Mimi ni mtu wa bara, na bara hatuna elimu hiyo. Nilivuka kwa miguu nimekunja suruali mara moja tu, kwa heshima. Nikala pweza wa nazi, nikakaa, nikasahau. Mbali kidogo wanawake walikuwa wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, maji yakiwa magotini. Nilipotazama tena walikwisha ondoka. Nilipaswa kuelewa. Mashua ilikuwa ikipeleka kundi jingine, na mimi kwa haraka ya kijinga nikasema kwani maji ni nini, nikashuka ngazi. Yalifika kifuani. Bibi mmoja aliyekuwa ufukoni na kapu lake la mwani alinitazama nikitoka nimebeba viatu juu ya kichwa.

“Shikamoo bibi,” nikasema, maana hata mtu aliyelowa ana adabu.

“Marahaba. Bahari haikukuambia?”

Kiswahili changu cha Katanga kiliwapa watu kicheko siku nzima. Mgahawani niliuliza, “Samaki iko?” na mhudumu akanisahihisha taratibu, “Samaki wapo, karibu,” kama mwalimu wa darasa la pili. Lakini mada ya chokaa ilipokuja tulielewana mara moja. Zanzibar wanalichoma jiwe la matumbawe kwenye tanuu, magogo yamepangwa kwa duara na mawe juu, na chokaa yake ndiyo iliyoshikilia kuta za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Nikawaambia na sisi tunachoma, ila yetu inakwenda kwa shaba. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kusikitika, kama vile nimemwambia tunachoma karafuu.

Mlaji mrefu

Nairobi ina vikombe viwili, na vyote vinahusu wanyama: mmoja anakula, wengine wanaliwa.

Giraffe Manor ni jumba la mawe lililojengwa mwaka 1932 huko Lang'ata. Mwaka 1974 lilinunuliwa na Jock na Betty Leslie-Melville, waliolea hapo twiga wa jamii ya Rothschild waliokuwa wakipungua vibaya. Leo ni hoteli, na asubuhi twiga wanaingiza vichwa madirishani mgeni akinywa chai. Rekodi ninayoitoa ni ya mlaji mrefu kuliko wote: dume la twiga linapita mita tano, na hakuna mgahawa mwingine ninaoujua ambapo mwenzako wa mezani amesimama bustanini, na ulimi wake wa rangi ya zambarau unafika kwenye sahani yako kabla ya mkono wako.

The Carnivore, iliyofunguliwa mwaka 1980, inachukua kikombe cha bendera. Ukiingia unalikuta shimo kubwa la makala, nyama zimechomekwa kwenye panga za Kimasai, na wahudumu wanapita na panga hizo meza kwa meza wakikukatia juu ya sahani ya chuma yenye moto. Mezani kuna bendera ndogo. Ikisimama, nyama inakuja. Ikilala, umeshindwa. Huo ndio mpango wote, na ni akili kubwa, kwa sababu anayesema “basi” si mwenye mgahawa, ni wewe mwenyewe, hadharani, mbele ya shemeji zako. Jarida la Restaurant la Uingereza liliiweka kwenye orodha yake ya migahawa 50 bora duniani mwaka 2002 na 2003. Siku hizo nyama za porini zilikuwa bado ziko kwenye panga. Kenya ilipopiga marufuku biashara ya nyama hizo mwaka 2004, pundamilia na nyati wakaondoka, wakabaki mamba na mbuni wa kufugwa. Wapo wanaoona mchezo umepoa. Mimi naona ulinoga, maana bendera haikuwahi kutegemea pundamilia.

Kinywaji chao cha dawa, chenye limau na asali inayokorogwa kwa kijiti, sasa unakikuta baa nyingi za Afrika Mashariki. Mtu wa Likasi akiambiwa “leta dawa” baani anadhani mwenzake ameumwa.

Meza inayokwenda

Hapa nafanya upendeleo. Meza ndefu kuliko zote, kwa jinsi ninavyopima, ni ya behewa la chakula la treni ya TAZARA, kwa sababu unaweza kukaa kwenye kiti kimoja na sahani moja ikakuvusha nchi. Reli ile ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Treni yake ya haraka iliitwa Mukuba. Kwetu mukuba ni shaba, kwa hiyo mtoto wa Likasi akisoma jina hilo ubavuni mwa behewa anajua ameitwa kwa jina la nyumbani.

Hakuna aliyelipamba behewa lile liwe na kisa. Kisa kinapita dirishani: misitu ya Zambia, mahandaki ya nyanda za juu, halafu kabla ya Dar mbuga ya Nyerere, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Selous, na abiria wote wanaacha kuku wao kwenda dirisha la kushoto kwa sababu mtu mmoja amesema ameona tembo. Kuku akirudiwa amepoa. Chai wanaijaza nusu kikombe, kwa sababu reli inajaza nusu nyingine kwenye kisahani.

Zilizo na cheti

Sasa tupite haraka kwenye zile za vitabu.

Mgahawa mkongwe kuliko yote, kwa Guinness, ni Sobrino de Botín wa Madrid, wa mwaka 1725. Kitoweo chake ni mtoto wa nguruwe na mwanakondoo wa kuokwa kwenye tanuri la kuni, na wenyewe wanasema moto wa tanuri lile haujawahi kuzimwa. Sina namna ya kulikagua hilo, ila namfahamu mama mmoja hapa ambaye makala yake ya jana ndiyo yanayowashia ya leo, na hajawahi kuandikiwa barua na mtu.

Mkubwa kuliko yote: Bawabet Dimashq, Lango la Dameski, nchini Syria, uliofunguliwa mwaka 2002 na kupewa cheti mwaka 2008 kwa viti 6,014. Ulikuwa na chemchemi, maporomoko ya maji na magofu ya kuigiza ya kale, na jiko la kila aina, la Kihindi, la Kichina, la Kiajemi, la Ghuba. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Royal Dragon wa Bangkok, viti 5,000, ambapo wahudumu walikuwa wakibeba sahani wakiteleza kwa viatu vya magurudumu. Nimejaribu kuiwazia Dameski ile siku ya harusi, watu elfu sita, na nimewaza pia miaka michache baadaye vita vilipofika. Viti 6,014 vitupu navyo ni rekodi, sijui nani ataitolea cheti.

Mdogo kuliko yote unaojulikana kwa jina ni Solo Per Due, kijijini Vacone, Italia: meza moja, viti viwili, kengele ya kumwita mhudumu. Ukigombana na mkeo hakuna meza ya jirani ya kuhamia.

Kwenye urefu kuna ubishi mzuri. At.mosphere ya Burj Khalifa, Dubai, ilifunguliwa mwaka 2011 kwenye ghorofa ya 122, mita 441 kutoka ardhini, na kwa miaka kumi ikawa juu ya wote. Mwaka 2021 Shanghai ikaja na Heavenly Jin, ghorofa ya 120 ya mnara wa Shanghai, mita 556. Wafanyabiashara wetu wa Katanga wanaokwenda Dubai kununua vitenge na vipuri wanapiga picha chini ya Burj shingo zikiwa zimekunjwa, na nikiwaona nacheka kwa sababu yangu: mnara ule umemeza zege ya mita za ujazo 330,000, na zege ni saruji, na saruji ni jiwe la chokaa lililopikwa. Wanapanda lifti kwenda kula juu ya kitu walichokiacha nyumbani bure.

Lakini ukiuliza juu ya usawa wa bahari, Dubai na Shanghai zote zinakaa kimya. Cheti ni cha Chacaltaya, Bolivia, mita 5,340, kwenye kituo cha kuteleza kwa barafu karibu na La Paz. Likasi iko kiasi cha mita 1,300, na tayari wageni kutoka Dar wanalalamika baridi ya Juni. Kisa cha Chacaltaya kiliyeyuka: barafu yake ilikwisha kabisa mwaka 2009. Nyumba imebaki juu ya mawe, na rekodi yake iko pale pale.

Kuhusu visa vya vituko sitakaa sana. Paris ya mwaka 1892 ilikuwa na Cabaret du Néant, ambapo watu walikunywa kwenye majeneza yaliyofanywa meza, wakihudumiwa na wanaume waliovaa kama wazikaji. Ahmedabad, India, mgahawa wa New Lucky umejengwa juu ya makaburi ya kweli, na wateja wanakunywa chai kati yake kwa heshima. Huo naupenda, huo wa Paris hapana. Taiwan wako wanaokalisha wateja kwenye vyoo. Las Vegas yuko anayewalisha bure watu wanaopita kilo 159, wahudumu wakiwa wamevaa kama wauguzi. Wote hao naona wanamcheka mteja. Zurich peke yake, kwenye Blindekuh iliyofunguliwa mwaka 1999, mchezo umegeuzwa: chumba ni giza totoro, wahudumu ni vipofu, na wewe mwenye macho ndiye unayeshikwa mkono kupelekwa kwenye kiti na kuonyeshwa kijiko kilipo. Kula gizani huku kwetu si jambo geni, umeme una tabia zake, lakini gizani mwetu wote tunapapasa sawasawa.

Chini kabisa

Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Wieliczka, Poland, kuna mgodi wa chumvi uliochimbwa kwa karne nyingi, uliokuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya urithi wa dunia mwaka 1978. Mita 125 chini ya ardhi kuna mgahawa wa wachimbaji, na mtalii akimaliza kuona makanisa yaliyochongwa kwa chumvi anakula supu chini huko. Ni mahali pa haki: wachimbaji walikuwepo kweli, chumvi ni chumvi, ukiulamba ukuta unajibu. Wanaousifia wanasema hakuna meza iliyo chini zaidi ya hapo kwa msafiri wa kawaida. Kwa msafiri wa kawaida, sawa.

Lakini mimi nimezaliwa kwenye nchi ya visima vya mgodi. Kipushi, karibu na Lubumbashi, walianza kuchimba mwaka 1924, wakafunga 1993, na mwaka 2024 mgodi ukaanza tena kutoa zinki. Kisima chake kikuu kinashuka zaidi ya mita 1,200. Mtu wa zamu aliyekuwa chini kule hakupanda juu ili ale. Alikaa juu ya boksi au jiwe, akafungua alichofungiwa nyumbani, unga wake ukiwa umetoka kwenye mposho ambao kampuni iligawia wafanyakazi kwa magunia, na taa ya kichwani ikamulika mikono yake mwenyewe. Mara tisa au kumi chini ya supu ya Wieliczka, bila mhudumu, bila ngazi ya watalii.

Na madini ya Kipushi yamelala ndani ya jiwe gani? Wanajiolojia wanalijibu hilo kwa neno moja, na neno hilo limeandikwa kwenye kibao cha basi letu.

Moshi unatokea wapi

Barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi inapita Likasi, na malori ya Tanzania yanaijua vizuri kuliko sisi: yanakuja kupitia Kasumbalesa, yanapakia shaba, yanarudi Dar. Kando yake kuna malewa, mabanda ya chakula yenye benchi mbili na turubai. Naenda kwa mama mmoja kwa sababu bukari yake haina madonge, na kwa sababu bikubala, wale viwavi waliokaushwa, anawakaanga na vitunguu mpaka wanalia chini ya jino.

Dereva kijana alishuka, akapukuta vumbi jeupe begani, akaingia.

“Shikamoo mama. Ugali upo?”

“Ugali hakuna, mutoto yangu. Kuko bukari.”

Kijana akakunja uso, akataka kutoka. Mama akafunua sufuria. Akachungulia, akacheka peke yake.

“Si ndiyo huu!”

“Kwetu njo bukari. Utakula na nini? Sombe iko, bitoyo iko, na hii bikubala ya papa.”

Aliogopa bikubala, akachukua sombe, kisamvu cha kwao. Wakati anakula nikaanza kuwasimulia habari za Ithaa, mgahawa wa Maldives uliofunguliwa mwaka 2005, mita tano chini ya bahari, viti kumi na vinne tu chini ya kuba la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, papa na taa wakipita juu ya vichwa vya walaji. Jina lake kwa lugha ya kule ni ile ngozi inayong'aa ndani ya ganda la chaza, nayo pia, nikasema, ni chokaa. Nikataja na Under ya Norway, ya mwaka 2019, bomba la zege la mita 34 lililolazwa nusu pwani nusu majini. Kijana wa Dar alikuwa ameacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimenoga.

Mama alikuwa akipepea mbabula kwa kifuniko cha ndoo. Akaacha.

“Na moshi inatokeaka wapi?”

Nikanyamaza kidogo. Nikamweleza kwamba Ithaa hakupikwi mle chini. Kuna kibanda cha makuti juu ya gati, na chakula kinateremshwa kwa ngazi ya kuzunguka.

“Kumbe mupishi eko pa inje,” akasema, akageuza uso kuukwepa moshi, akaongeza makala mawili.